Kunyonyoka kwa Nywele: Jinsi ya Kulinganisha Tiba

Mtu aliyeanza kunyonyoka nywele hakosi washauri. Awe Bukoba mjini, Kamachumu, Nshamba au Muleba, atakuta kila jirani anayo dawa ya kumwelekeza. Mmoja atamtajia mafuta ya kupaka, wa pili sabuni ya pekee, wa tatu majani ya kuponda, na wa nne vidonge vya dukani. Kila dawa ina shahidi wake, aliyeitumia naye akaota nywele. Mnunuzi, akiwa na fedha chache mkononi, huuliza swali moja tu: ipi iliyo bora?

Swali hilo, kwa jinsi linavyoulizwa, halina jibu. Dawa haiwezi kuitwa bora wala duni kabla ya kujulikana inatibu nini. Kunyonyoka kwa nywele si ugonjwa mmoja, bali ni dalili ya hali nyingi zisizofanana: kuvu, kuvutwa kwa nywele, homa kali, uzazi, utapiamlo, hitilafu ya kinga ya mwili, na urithi. Dawa iliyomfaa mmoja yaweza kuwa hasara tupu kwa mwingine, na pengine ikamdhuru. Somo hili linaeleza jinsi nywele zinavyoota na kudondoka, kisha linaonyesha namna ya kupima tiba mbalimbali kwa mizani ya sayansi.

Unywele na mzizi wake

Unywele unaoonekana juu ya ngozi hauna uhai. Umejengwa kwa keratini, aina ya protini ngumu inayojenga pia kucha za binadamu na kwato za ng'ombe. Sehemu iliyo hai imo ndani ya ngozi, katika kifuko kidogo cha unywele. Chini kabisa ya kifuko hicho seli hugawanyika kwa kasi, nazo hulishwa na mishipa myembamba ya damu. Ndiyo maana mtu hasikii maumivu anaponyolewa, lakini huumia anapong'olewa unywele.

Kila kifuko hufanya kazi kwa zamu. Kwanza huwa na kipindi cha kuotesha, kinachodumu miaka 2 hadi 6. Hufuata kipindi kifupi cha wiki 2 au 3 ambamo kazi husimama. Mwisho huja kipindi cha mapumziko cha miezi 3 hivi, ambapo unywele hulegea na kudondoka, na mpya huanza kuota mahali pake. Kwa kuwa vifuko havipumziki kwa pamoja, kichwa hakibaki wazi.

Hesabu ndogo itasaidia. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000. Tuseme sehemu moja katika kumi imo mapumzikoni: hizo ni 10,000. Zikidondoka katika muda wa siku 100, basi kila siku hudondoka nywele 100. Kwa hiyo mtu anayeona nywele chache katika kitana chake hana sababu ya kuingiwa na hofu. Kudondoka huko ni kawaida ya mwili.

Mfano wa mgomba

Wakulima wa Kagera wanaielewa vizuri kanuni iliyo msingi wa somo hili, kwa sababu huiona kila siku katika kibanja. Mgomba ukikatwa shina, haufi. Maadamu tunguu lililo ardhini ni zima, machipukizi yatatokea. Lakini tunguu likiliwa na fukusi likaoza, hakuna samadi itakayoufufua mgomba ule.

Tena, majani ya mgomba yakigeuka manjano, mkulima mwenye busara hakimbilii samadi kabla ya kuchunguza. Huenda udongo umechoka. Hapo samadi itafaa. Huenda ni fukusi; hapo samadi peke yake haitoshi. Huenda pia ni mnyauko unaoletwa na bakteria, uliothibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006. Hapo mgomba mgonjwa huondolewa na vifaa vya kukatia husafishwa. Dalili zafanana kwa mbali, lakini tiba ni tatu tofauti.

Nywele nazo ni hivyo hivyo. Jambo la kwanza la kuuliza ni kama kifuko kingali hai. Kifuko kilichopumzika, kilichodhoofika au kilichovamiwa na kuvu chaweza kuotesha tena. Kifuko kilichokufa na nafasi yake kushikwa na kovu hakitaotesha kamwe, hata kikipakwa dawa ya bei gani. Ngozi iliyokovuka huonekana nyororo na ya kung'aa, na vitundu vya nywele havionekani tena juu yake. Kutokana na tofauti hii, kuchelewa kupata tiba iliyo sahihi kwaweza kugeuza hasara ya miezi kuwa hasara ya maisha.

Mizani yenye maswali manne

Mtu anayetaka kulinganisha tiba mbili au zaidi na aulize maswali haya manne kwa utaratibu:

1. Je, tiba hii inalenga chanzo cha tatizo lenyewe?
2. Je, inafika mahali chanzo hicho kilipo?
3. Je, inashinda kutofanya lolote? Hali nyingi za kunyonyoka nywele hupona zenyewe. Dawa isiyozidi matokeo ya muda mtupu haina sifa ya kudai.
4. Je, gharama yake na madhara yake vinalingana na faida? Hapa huhesabiwa fedha, urefu wa matibabu na hatari kwa mwili.

Sasa mizani hiyo na itumike kwa visa vinavyoonekana mara kwa mara.

Mapunye: kuvu ndani ya unywele

Mapunye huwapata zaidi watoto wa shule za msingi. Huletwa na kuvu zinazokula keratini. Katika Afrika ya Mashariki, mojawapo ya kuvu hizo zinazoonekana mara nyingi huitwa kitaalamu Trichophyton violaceum. Mtoto huwa na mabaka yenye magamba, nywele zilizokatika karibu na ngozi, na mwasho. Mara nyingine kichwa huvimba na kutoa usaha. Uvimbe wa namna hiyo, usipotibiwa mapema, huweza kuacha kovu na upara wa kudumu.

Kuvu huenezwa kwa kugusana, kwa kofia na vitana vinavyoazimwa, na kwa mashine au nyembe zinazopita kichwa hadi kichwa bila kusafishwa. Shule inayowataka wanafunzi wanyoe nywele zao fupi hutimiza jambo la unadhifu; lakini kama mashine moja huwanyoa wanafunzi wote bila kusafishwa, unadhifu huo hubeba ugonjwa.

Watu wengi huyatibu mapunye kwa marhamu ya kupaka. Swali la pili la mizani ndilo linaloonyesha kosa lilipo. Marhamu hutibu choa cha mkononi au tumboni, kwa kuwa pale kuvu imekaa katika tabaka la juu la ngozi. Kichwani, kuvu imeingia ndani ya unywele na kushuka katika kifuko, mahali ambapo marhamu haifiki vya kutosha. Magamba hupungua kwa siku chache, mzazi hufurahi, kisha ugonjwa hurudi. Hatari zaidi ni marhamu zenye steroidi, ambazo hutuliza mwasho na wekundu huku zikidhoofisha kinga ya ngozi. Kuvu huendelea kuenea chini ya utulivu huo.

Dawa inayofika mahali pake ni ile inayomezwa, ikapita katika damu mpaka kwenye mzizi unaojenga unywele. Historia ya ugunduzi wake ina mafunzo. Mwanzoni mwa karne ya 20, tabibu Raymond Sabouraud wa Paris alieneza njia ya kudondosha nywele zenye kuvu kwa mionzi ya eksirei. Njia hiyo ilifaulu: nywele zilidondoka pamoja na kuvu, kisha zikaota mpya. Maelfu ya watoto walitibiwa hivyo katika nchi mbalimbali. Lakini mwaka 1974 mtaalamu Baruch Modan na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto zaidi ya 10,000 waliopigwa mionzi hiyo huko Israeli. Waligundua kwamba uvimbe wa kichwani na saratani ya tezi ya shingo vilikuwa vingi zaidi kati yao kuliko kati ya wenzao wasiopigwa mionzi. Tiba iliyofaulu katika maswali matatu ya kwanza ilikuwa imeanguka katika swali la nne.

Mwaka 1939, wanasayansi waliokuwa London walitenga kutoka katika ukungu wa jamii ya Penicillium kitu kilichoitwa griseofulvini. Kwa karibu miaka ishirini hakikutumika kwa wagonjwa. Ndipo mwaka 1958 J. C. Gentles alipoonyesha kwamba simbilisi wenye kuvu ya ngozi hupona wakimezeshwa dawa hiyo. Muda si mrefu ikaanza kutumika kwa binadamu, na eksirei ikaachwa.

Griseofulvini haiiui kuvu moja kwa moja, bali huizuia kukua. Huingia katika keratini mpya inayojengwa, hivyo unywele unaoota huwa umekingwa, na ule wa zamani wenye kuvu husukumwa nje na kukatwa. Kwa sababu hiyo mgonjwa hana budi kuimeza kwa wiki 6 hadi 8, hata kama kichwa kimekwisha kuonekana safi. Humezwa pamoja na chakula chenye mafuta, kama maziwa au karanga, ili mwili uifyonze vizuri. Dawa ya pili, terbinafini, huiua kuvu yenyewe, na kwa kuvu za jamii ya Trichophyton wiki 4 huweza kutosha. Lakini kwa kuvu za jamii ya Microsporum, griseofulvini ndiyo hufanya kazi vizuri zaidi. Kwa hiyo hata kati ya dawa hizi mbili hakuna iliyo bora kwa kila mgonjwa. Dawa zote mbili hutolewa kwa maelekezo ya mganga. Terbinafini haimfai mwenye ugonjwa wa ini, na griseofulvini haimfai mama mjamzito.

Shampuu yenye dawa ya kuvu haiponyi mapunye ikiwa peke yake, lakini ikitumiwa pamoja na vidonge hupunguza mbegu za kuvu na kuwakinga watoto wengine wa nyumba ile.

Mabaka malaini yasiyo na magamba

Si kila baka la upara ni mapunye. Wapo wanaoamka na baka la mviringo, laini kabisa, lisilo na magamba wala mwasho. Hapa askari wa kinga ya mwili wamevishambulia vifuko vya mwili wenyewe. Vifuko havifi, vimesimamishwa tu. Dawa za kuvu hazina kazi hapa. Tiba hapa ni sindano au marhamu za steroidi, zile zile zinazoharibu mambo katika mapunye. Mfano huu unatosha kuonyesha kwamba dawa moja huweza kuwa tiba kwa baka moja na madhara kwa baka jingine.

Tena, wagonjwa wengi wenye mabaka machache huota nywele zenyewe katika muda wa mwaka mmoja, bila dawa yoyote. Kwa wale ambao ugonjwa umeenea kichwa kizima, zimepatikana dawa mpya za kumeza zinazotuliza kinga ya mwili. Mojawapo, barisitinibu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2022. Bei yake ni kubwa, na hutaka uangalizi wa karibu wa daktari.

Nywele zinazovutwa

Kina mama na wasichana wengi hupungukiwa nywele pembezoni mwa paji la uso na juu ya masikio. Chanzo ni mvuto: misuko inayokazwa mno, nywele za kuongezea zilizo nzito, au kufungwa nyuma kwa nguvu kila siku. Hatari huongezeka nywele zikiwa zimetiwa dawa ya kuzinyoosha kabla ya kusukwa. Vipele na maumivu baada ya kusukwa ni onyo la mwili, wala si gharama ya lazima ya urembo.

Tiba iliyo ya kwanza haina bei: kulegeza msuko, kubadili mtindo na kuzipumzisha nywele. Ikianza mapema, nywele hurudi katika muda wa miezi kadhaa. Mafuta ya kupaka hayawezi kushinda mkono unaoendelea kuvuta. Mvuto ukidumu kwa miaka, vifuko hufa na kovu hushika nafasi, na hapo hakuna dawa itakayovirudisha. Wazazi na walimu wa malezi wakilijua jambo hili, wanaweza kuwaokoa wasichana wengi kwa neno moja linalosemwa kwa wakati wake.

Homa, uzazi na chakula

Mtu aliyeugua homa kali, kama ya malaria au ya matumbo, huweza kunyonyoka nywele nyingi miezi 2 au 3 baada ya kupona. Mama aliyejifungua naye huyaona hayo. Mshtuko wa mwili umevipeleka vifuko vingi mapumzikoni kwa wakati mmoja, navyo huachia nywele zake kwa pamoja. Vifuko ni vizima, na kwa kawaida nywele hurudi katika muda wa miezi 6 hivi.

Hapa ndipo mashahidi wengi wa dawa hupatikana, nao husema kweli tupu. Mtu huanza kunyonyoka, hujaribu dawa ya kwanza mwezi wa kwanza, ya pili mwezi wa tatu, na ya tatu mwezi wa tano. Nywele zinapoanza kurudi, sifa huiendea ile ya tatu. Lakini zingalirudi hata kama angalipaka maji matupu. Kufuatana kwa mambo mawili hakuonyeshi kwamba la kwanza limeleta la pili: jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, wala si yeye anayelichomoza.

Lishe nayo ina nafasi yake. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, alieleza ugonjwa wa watoto unaojulikana kwa jina la kwashiakoo. Miongoni mwa dalili zake ni kuvimba miguu, na nywele kuwa nyembamba, chache na zenye rangi ya wekundu. Mwili usiopata protini hauwezi kujenga keratini. Ndizi, zilizo chakula kikuu cha Bukoba na Muleba, hushibisha na kutia nguvu, lakini gramu 100 zake huwa na protini takriban gramu 1 tu. Wazee waliopanda maharage chini ya migomba walikuwa wakiitengeneza kasoro hiyo. Maharage, dagaa wa ziwani, maziwa na senene ni tiba ya nywele za mtoto mwenye utapiamlo. Ila kwa mtu ambaye chakula chake kinatosha, kuongeza vidonge vya vitamini hakuongezi nywele. Vitamini A ikizidi kipimo, yenyewe hunyonyoa nywele.

Nywele si kipimo cha damu

Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera. Kwa mtu ambaye ugonjwa huo umefika mbali, nywele huweza kuwa chache, laini na nyembamba. Ni kweli kwamba hali hiyo ipo. Si kweli kwamba mtu anaweza kupimwa kwa kutazamwa nywele. Sababu zilizokwisha kutajwa hapo juu ni nyingi, na kila mojawapo huweza kuleta sura inayokaribiana na hiyo. Kumhukumu jirani kwa kitambaa alichojifunga kichwani ni dhuluma, na ni sayansi mbovu. Kipimo cha damu ndicho kinachotoa jibu, na dawa za kufubaza virusi, ambazo zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, ndizo zinazoutibu mwili. Mwili ukirudiwa na nguvu, mara nyingi nywele nazo hurudi.

Vivyo hivyo kwa kaswende. Katika hatua yake ya pili huweza kuleta mabaka madogo madogo kichwani, mfano wa nguo iliyoliwa na nondo. Sindano ya penisilini hutibu ugonjwa, na nywele huota tena. Mtu anayejipaka mafuta kwa siri miezi kadhaa huacha kaswende ikiendelea ndani ya mwili wake, na pengine kwa mwenzi wake.

Upara wa kurithi

Wanaume wengi, na baadhi ya wanawake, hupoteza nywele polepole kwa sababu ya urithi. Kwa wanaume, homoni iliyotokana na ile ya kiume huvifanya vifuko vya utosini kuwa vidogo mwaka hadi mwaka. Upara huu hauumi wala hauleti ugonjwa, na kuukubali ni chaguo halali, tena lisilo na gharama.

Kwa anayetaka tiba, dawa mbili zimepimwa vizuri. Minoksidili ilikuwa dawa ya shinikizo la damu, na wagonjwa walioimeza walionekana kuota nywele. Mwaka 1988 ikaidhinishwa Marekani kuwa ya kupaka kichwani. Hurefusha kipindi cha kuotesha. Finasteridi, iliyoidhinishwa kwa kazi hii mwaka 1997, humezwa na kuipunguza homoni ile. Katika majaribio, kundi moja lilipewa dawa na kundi jingine likapewa kitu kinachofanana nayo kwa sura ila hakina dawa ndani, bila wagonjwa kujua nani amepewa kipi. Dawa zilishinda, lakini baadhi ya waliopewa kitu kitupu nao waliona nafuu. Ndiyo sababu ushuhuda wa mtu mmoja hautoshi.

Dawa hizo hazirudishi kichwa cha ujana. Matokeo huonekana baada ya miezi 4 hadi 6, na mtu akiacha, faida hupotea. Finasteridi huweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa kwa baadhi ya wanaume, na mwanamke mjamzito hapaswi kuimeza wala kushika kidonge kilichovunjika, kwa ajili ya usalama wa mtoto wa kiume aliye tumboni.

Jedwali la muhtasari

Mapunye: magamba na nywele zilizokatika. Tiba: vidonge vya kuvu, wiki 4 hadi 8. Kuchelewa huweza kuleta kovu.
Hitilafu ya kinga: baka laini. Tiba: kungoja, au steroidi kwa uangalizi. Wengi hupona.
Mvuto: pembezoni mwa uso. Tiba: kulegeza msuko. Kuchelewa huleta kovu.
Homa na uzazi: kichwa kizima, miezi 2 au 3 baadaye. Tiba: subira na chakula bora.
Utapiamlo: nywele nyembamba na nyekundu. Tiba: chakula chenye protini, na kumpeleka mtoto hospitali.
Kaswende na UKIMWI: hujulikana kwa kipimo cha damu. Tiba: dawa za ugonjwa wenyewe.
Urithi: utosini na pajini, polepole. Tiba: si ya lazima, minoksidili au finasteridi, bila kuacha.

Hitimisho

Anayelinganisha tiba kwa majina yake huishia kulinganisha matangazo. Anayeanza na chanzo, akauliza kama dawa inafika, kama inashinda muda mtupu, na kama gharama yake inastahili, hufanya kazi ile ile inayofanywa na mtafiti katika maabara. Kazi hiyo haihitaji vyombo vya thamani. Kwa mtoto mwenye magamba na uvimbe wenye usaha, kwa msichana mwenye vipele baada ya kusukwa, na kwa mtu mzima mwenye mabaka asiyojua yametoka wapi, safari ya zahanati au hospitali isingoje dawa ya nne ishindwe.

Mazoezi

1. Mtoto mwenye mapunye ana uzito wa kilogramu 24. Griseofulvini hupimwa miligramu 20 kwa kila kilogramu kwa siku. Tafuta kipimo chake cha siku, kisha eleza kwa nini mganga angeweza kumpa vidonge 2 vya miligramu 250. Vidonge vingapi vitahitajika kwa siku 56?

2. Mtoto huyo huyo akipewa terbinafini, kipimo chake ni miligramu 125 kwa siku. Vidonge vya miligramu 250 vikigawanywa nusu, vingapi vitatosha kwa siku 28? Ulizeni bei za dawa hizi mbili katika duka la dawa lililo karibu, mlinganishe gharama za matibabu yote. Je, dawa yenye kidonge cha bei ndogo ndiyo yenye matibabu ya bei ndogo?

3. Kusanya nywele kumi zilizodondoka katika kitana chako, uzitazame kwa lenzi. Zipi zina kichwa kidogo cheupe mwishoni, na zipi zimekatika? Eleza tofauti hiyo inaonyesha nini.

4. Mfanyabiashara adai kwamba mafuta yake huotesha nywele za kina mama waliojifungua, na ana mashahidi 20. Pangeni jaribio la haki la kuupima ukweli wa dai hilo. Elezeni kwa nini pasipo kundi la pili lisilopewa mafuta hayo, mashahidi hata 200 hawatoshi.

5. Jadilini utaratibu ambao shule yenu inaweza kuufuata ili kunyoa nywele kusieneze mapunye.